Mwakilishi wa michezo wa TV kutoka Mbeya: kazi ya siku ya mechi inapangwaje mpaka habari iwahi taarifa ya saa 2 usiku?

Chipukizi wa Uyole

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari za humu.

Nina stashahada ya uandishi wa habari na natangaza michezo kwenye redio hapa Mbeya. Kuna kituo cha televisheni cha Dar kinatafuta mwakilishi wa michezo Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Wanataka habari moja ya majaribio isiyozidi dakika moja na nusu, nipige picha mwenyewe, niandike mwenyewe na nihariri mwenyewe.

Mechi za uwanja wa Sokoine hapa Mbeya nyingi zinaanza saa 10:00 jioni, na taarifa yao ya habari ni saa 2:00 usiku, michezo ikiwa mwishoni. Redio naiweza, ila picha ni ngeni kwangu. Naomba wenye ujuzi mnieleze: vifaa gani vinatosha, muda unagawanywaje tangu filimbi ya mwisho mpaka faili lifike Dar, skripti ya TV ina tofauti gani na ya redio, na vibali vinavyotakiwa. Pia nini cha kuangalia kwenye mkataba wa uwakilishi. Natanguliza shukrani.

---

Kamera Begani

Karibu kaka. Kabla ya kamera, anza na haki za matangazo, maana hapo ndipo habari za majaribio zinapokataliwa kabla hata hazijatazamwa. Haki za kuonyesha Ligi Kuu kwenye televisheni ziko Azam, kwa mkataba wa miaka 10 waliosaini na TFF, shirikisho la mpira nchini, mwaka 2021. Kituo kingine kikitaka mabao ya Sokoine, kinayapata kwa makubaliano na mwenye haki, na dawati la Dar ndilo linaloshughulikia hilo. Mwakilishi wa kituo kisicho na haki hasimami pembeni ya goli na kurekodi mpira ukichezwa. Uliza mapema: kituo chenu kina makubaliano gani, na barua yako inakuruhusu kurekodi mpaka wakati gani? Mara nyingi kamera inatakiwa ishuke timu zinapoingia kuanza mechi.

Kilicho chako ni mazoezi ya siku moja kabla, timu zikiwasili, foleni ya tiketi, ngoma za mashabiki, na makocha wakiongea na waandishi. Hapo kuna habari nzuri tele. Kwa hiyo kwa majaribio usichague mechi ya Ligi Kuu. Chukua netiboli, ligi ya mkoa, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya mkoa, wakimbiaji wanaojiandaa na Tulia Marathon, au maandalizi ya Mbeya City na Prisons kuelekea dabi yao. Hiyo dabi ina utajiri wake: timu moja ni ya Halmashauri ya Jiji, nyingine ni ya Jeshi la Magereza, na zote zinatumia uwanja mmoja.

Sasa muda. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa 2:00 usiku. Dawati litataka faili saa 1:30, kwa sababu mhariri lazima alipitie, aandike maandishi ya chini ya picha na kulipanga kwenye orodha ya taarifa. Mechi ya saa 10:00 haiishi saa 11:45. Jumlisha 45, mapumziko 15, 45 nyingine na dakika za nyongeza: filimbi inalia karibu na 11:55. Makocha wanamaliza kuongea kama saa 12:20. Umebaki na saa moja na dakika kumi. Zigawe hivi: dakika 15 kukamilisha skripti, 5 kurekodi sauti yako, 25 kukata picha, 5 kutoa faili, 10 kutuma. Kumi zilizobaki usizipangie kitu, zitaliwa na jambo ambalo hukulitarajia. Umeme wa Tanesco na mtandao havina ratiba yako.

Ndiyo maana nusu ya skripti huandikwa mapumziko. Memori kadi ya kwanza nayo inatoka kwenye kamera mapumziko na kuanza kumwagwa kwenye kompyuta. Anayesubiri filimbi ya mwisho ndipo afungue kompyuta, habari yake itaruka hewani kesho mchana, na kesho mchana si habari tena.

Jambo moja dogo linalookoa muda kuliko yote: weka saa ya kamera ifanane sekunde kwa sekunde na saa ya simu yako, na uamuru kamera ihesabu muda wa picha kwa saa halisi badala ya kuanza sifuri. Kisha daftarini andika kwa saa hiyo hiyo ya 24. Shabiki amelia karibu na lango kuu: 17:41:20. Kocha ametaja majeruhi: 18:07:05. Usichanganye na saa yetu, ukaandika 11:41, maana ukiwa umechoka saa moja jioni utatafuta 11:41 kwenye kompyuta usiione. Ukiwa na orodha hiyo, huhitaji kutazama dakika 40 za picha ili kupata sekunde 90.

Picha zenyewe: tripodi, tripodi, tripodi. Kila picha ishike sekunde 8 mpaka 10 bila kusogea, hata kama utatumia 4 tu, kwa sababu mkataji anahitaji nafasi mwanzo na mwisho. Habari ya sekunde 90 inakula picha 20 hadi 25. Zipige kwa mafungu: uwanja mzima, kisha mtu, kisha mikono yake, kisha uso, kisha anachokitazama. Mpiga picha mgeni anarudi na picha 30 za uwanja mzima kutoka sehemu moja, halafu hazikatiki, zinaonekana kama picha moja inayorukaruka.

Kamera: rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, au 1/100 kwa kitu kinachokimbia. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo ukiacha fremu 30 na shata 1/60 ambayo simu na kamera nyingi huja nayo, taa za ukumbini au uwanjani zitapepesa kwenye picha, na pepesa hiyo haitoki kwenye uhariri.

---

Fundi Sauti

Naongezea sauti na hali ya hewa, maana Mbeya ina mambo yake.

Kwanza sipishani na Kamera Begani, ila kwa majaribio tu, simu nzuri inatosha. Ninalokataa ni simu isiyo na maiki ya nje. Mtazamaji anavumilia picha yenye chenga kidogo. Sauti ikiwa mbovu anahamisha chaneli. Pesa ya kwanza nunua maiki ya mkononi ya aina ya dainamiki, ya pili tripodi, ya tatu hedifoni za kufunika masikio. Kamera kubwa ije baadaye.

Maiki ya kifua haifai uwanjani. Inachukua ngoma na vuvuzela sawasawa na inavyochukua sauti ya kocha. Maiki ya mkononi ishike mwenyewe, usimpe mhojiwa, na ikae umbali wa ngumi moja kutoka kinywani mwake. Kwenye kipimo cha sauti cha kamera, sauti ichezee kwenye desibeli -12, kilele kisipite -6. Ikigusa sifuri imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha.

Rekodi njia mbili: ya kwanza maiki yako, ya pili sauti ya uwanja. Ukituma Dar, ziache hivyo hivyo zimetengana. Siku mhariri akitaka kubadili sauti yako au kuweka ya msomaji wa studio, bado atakuwa na kelele za uwanja chini yake. Ukizichanganya kuwa moja umemfunga mikono.

Sasa baridi. Jiji liko mita zaidi ya 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi betri za lithiamu zinapoteza nguvu haraka, inaweza kuonyesha asilimia 40 kisha ikazima. Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, si kwenye begi. Ile iliyozima kwa baridi usiitupe kando. Ipashe joto mfukoni, mara nyingi itakupa dakika kadhaa tena.

Unyevu ni mbaya zaidi. Ukitoka kwenye baridi ukaingia ukumbini penye joto na watu wengi, lenzi inapata ukungu papo hapo, na kuifuta hakusaidii kwa sababu ukungu mwingine unaweza kuwa ndani. Kabla hujaingia, fungia kamera kwenye mfuko wa nailoni, ikae humo dakika 15 hadi 20 ipate joto taratibu, ndipo uifungue. Ukisafiri siku moja kutoka Kyela kwenye joto la ziwani kupanda Tukuyu mpaka Mbeya, mazingira yanabadilika kila kilomita, kwa hiyo pakiti za kukaushia unyevu ziwe kwenye begi muda wote.

Mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei: mwavuli si wako, ni wa kamera. Weka na taulo ndogo ya pamba.

---

Mhariri wa Usiku

Nitajibu la skripti kwa sababu hapo ndipo watu wa redio wanapokwama, na wanakwama kwa kuwa wana kipaji. Redioni kazi yako ni kumfanya msikilizaji aone. Kwenye TV ameshaona. Ukimwambia "mchezaji huyo mwenye jezi ya rangi ya zambarau anaonekana akikimbia kuelekea lango la kusini", umepoteza sekunde 5 kumweleza kilicho mbele ya macho yake. Mweleze asichokiona: kwa nini anakimbia peke yake wakati wenzake wamepumzika, mkataba wake unakwisha lini, nani yuko benchi kwa ajili yake.

Fanya hesabu kabla ya kuandika. Sekunde 90. Toa sauti za wahojiwa wawili, sekunde 12 kila mmoja, ni 24. Toa sekunde 12 za wewe mwenyewe mbele ya kamera. Toa 6 za kelele za uwanja zikisikika peke yake, maana habari isiyopumua inachosha. Zimebaki 48. Kiswahili chetu kina maneno marefu, msomaji mzuri anakwenda kama maneno 2 kwa sekunde. Una maneno 96. Hayo tu. Skripti ya maneno 200 unayoletewa na mtu wa redio haiwezi kuingia, na akiisoma mbio mbio hakuna atakayeelewa.

Chukua mfano wa kweli kutoka kwenu. Tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2–1 kule Mbarali na kukatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Skripti ya kawaida ingeanza: "Klabu ya Yanga ya jijini Dar es Salaam leo imejikuta ikipoteza mchezo wake dhidi ya wenyeji Ihefu katika mchezo wa vuta nikuvute uliochezwa katika dimba la Highland Estates." Maneno zaidi ya 20, na kitu kikubwa bado hakijatajwa. Andika hivi: "Mechi 49 za ligi, hakuna aliyewafunga. Leo wamefungwa Mbarali." Chini ya maneno hayo weka picha ya mashabiki wa Ubaruku, kisha nyamaza sekunde 3 kelele zao zisikike. Mtazamaji hang'oki.

Ila angalia hapo kuna neno "za ligi". Usilitoe. Rekodi ya ligi na rekodi ya mashindano yote ni vitu viwili, na shabiki wa Yanga atakupigia simu usiku huo huo.

Weka faili lako la kumbukumbu za kanda hii na ulisasishe kila wiki, kwa sababu Dar hawatakuwa nalo. Mbeya City ilipanda Ligi Kuu 2013 na msimu wake wa kwanza tu, 2013/14 chini ya Juma Mwambusi, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Ikashuka 2023, na msimu wa 2025/26 ikarudi. Ihefu ilihama kwenda Singida 2024 na sasa inaitwa Singida Black Stars, kwa hiyo ukitaja rekodi zake taja na jina la sasa. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 ikafungwa 1–0 na Azam mjini Lindi. Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, KenGold ya Chunya msimu wa 2024/25, zote zikashuka baada ya msimu huo mmoja. Siku yoyote timu mojawapo ikifanya kitu, mwenye faili hilo anaandika skripti kwa dakika 10.

Sheria za mpira ziko 17, zisome kama mwamuzi anavyozisoma. Tangu 2019 kocha naye anaonyeshwa kadi ya njano au nyekundu, na kipa wakati wa penalti anatakiwa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari au usawa wake, na tangu 2022 hata nyuma yake, mpira unapopigwa. Ripota asiyejua hayo anamuuliza kocha swali la uongo, kocha anamsahihisha mbele ya kamera, na kipande hicho ndicho kitakachozunguka kwenye simu za watu.

Majeruhi: usimpe mchezaji ugonjwa ambao daktari hajautaja. "Ametolewa akiwa ameshika paja la kulia" ni ukweli ulioushuhudia. "Amechanika msuli" si wako kusema mpaka daktari wa timu aseme.

Na maswali. "Unajisikiaje baada ya ushindi huu?" litakupa "Namshukuru Mungu, vijana wamepambana". Uliza kitu kimoja, kifupi, kinachotokana na kilichotokea: "Dakika ya 60 umemtoa kiungo ukaingiza beki ukiwa nyuma kwa bao moja. Ulikuwa unazuia nini?" Kisha nyamaza. Mhojiwa akinyamaza sekunde 2, usimjazie. Maneno mazuri yanakuja baada ya ukimya huo.

---

Mzee wa Samora

Mambo ya vibali na maslahi, kutoka upande huu wa Iringa.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kitambulisho kinatolewa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Stashahada yako ndiyo kiwango cha chini, kwa hiyo hapo uko salama. Tuma maombi ukiwa na cheti na barua ya kituo. Kitambulisho hicho pekee hakikuingizi uwanjani. Kwa mechi za ligi unahitaji pia idhini ya mechi, iliyoombwa na kituo, na kizibao cha waandishi unachopewa getini. Fika saa mbili kabla ya mechi. Mlinzi wa geti dakika 20 kabla ya mpira hana muda wa kusoma barua yako.

Jiunge na klabu ya waandishi ya mkoa, Mbeya ipo na Iringa ipo, na TASWA, chama cha waandishi wa michezo, kwa upande wa michezo. Faida yake utaiona siku ukizuiwa kazi au kifaa kikishikiliwa.

Droni usiirushe kwa mazoea. Inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na juu ya umati wa watu ni hatari hata ukiwa na kibali. Watoto wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) na UMISSETA ombeni ruhusa kwa mwalimu anayeongoza timu kabla ya kuwahoji, na msiwaulize mambo ya nyumbani kwao.

Mkataba. Wawakilishi wengi wa mikoani wanalipwa kwa habari iliyoruka hewani, si kwa iliyotumwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayowaumiza. Kabla ya kusaini pata majibu ya maandishi: habari ikitumwa kwa agizo la dawati halafu isiruke, inalipwa? Nauli ya Mbeya hadi Iringa, kilomita kama 330, ni ya nani? Bando la kutumia nani ananunua? Kamera ikiharibika kazini? Picha ghafi ni mali yako au ya kituo? Malipo yanatoka tarehe ngapi? Wakikwepa maswali haya kwa maneno matamu, watakwepa na malipo.

Bahasha za viongozi wa klabu usipokee, hata ikiitwa nauli. Maadili ya Baraza la Habari yanakataza, lakini sababu ya karibu zaidi ni hii: siku klabu hiyo isipolipa wachezaji mishahara miezi mitatu, wachezaji hawatakupigia wewe simu, wanajua uliko. Vilevile usitangaze mikeka ya kubeti kwenye kurasa zako ukiwa ripota. Unaingia mazoezini, unajua nani anachechemea. Ukishiriki biashara hiyo hakuna atakayekuamini tena, na atakuwa na haki.

---

Binti Kihesa

Shikamoo Mzee wa Samora. Na mimi nina swali, naomba nilitumbukize humu humu. Kwa ripota wa kike, mahojiano ya baada ya mechi yanafanyikaje pale ambapo viwanja vyetu havina eneo maalumu, na kocha anasema "njoo chumbani"?

---

Mzee wa Samora

Marahaba binti yangu. Chumba cha kubadilishia nguo si mahali pa mahojiano, kwa ripota wa kike wala wa kiume. Siku moja kabla ya mechi piga simu kwa msemaji wa klabu, mkubaliane mahali panapoonekana na watu: mlango wa kutokea, kando ya benchi, au mbele ya bango la wadhamini. Mtajie majina mawili unayotaka na dakika utakazowatumia, tuseme 3 kila mmoja. Msemaji aliyeambiwa mapema anamleta mchezaji. Aliyeshtukizwa anakuambia timu imeshapanda basi.

Ukiambiwa "njoo chumbani", jibu ni "nipo hapa mlangoni na kamera, nasubiri". Akikataa, rekodi kocha wa timu pinzani na uandike kwenye skripti kwamba benchi la timu hiyo halikuzungumza. Toa taarifa kwa dawati usiku huo huo kwa maandishi, likijirudia kituo kiandikie klabu na Bodi ya Ligi. Mechi za ugenini kwenda na kurudi, safiri na mwenzako wa kituo kingine, na usipande basi la timu. Lifti ya basi la timu inakuweka kwenye madeni kama ile bahasha.

---

Chipukizi wa Uyole

Ndaga fijo wakubwa, nimeandika kila kitu. Mawili yamebaki. Faili natumaje wakati mtandao pale Sokoine watu wakijaa unaganda kabisa? Na wakinitaka laivu kwa simu ya kituo, nijiandaeje?

---

Kamera Begani

La faili ni hesabu. Ukituma kwa ubora wa kamera kubwa, megabiti 50 kwa sekunde, dakika moja ni MB 375, kwa hiyo sekunde 90 ni kama MB 560. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika 37, umeshachelewa. Toa faili la H.264, aina ya video iliyobanwa, kwa megabiti 10: sekunde 90 inakuwa MB 112 au 113, na kwa mtandao huo huo inakwenda dakika 7 na nusu. Kwenye skrini ya nyumbani tofauti haionekani kwa habari ya aina hii. Muulize fundi wa Dar anapokea faili la namna gani, na mfanye jaribio siku ya kawaida, si siku ya mechi.

Usitume kwa WhatsApp kama video. Inabana picha mpaka inakuwa uji. Ukilazimika, itume kama dokyumenti.

Mtandao unaganda pale kwa sababu maelfu ya simu zinagombania mnara mmoja filimbi inapolia. Haikusaidii kuzunguka jukwaani ukiinua simu juu. Ondoka. Panda bajaji hadi Mafiat au Kabwe, minara ni mingine. Zuri zaidi, tafuta mapema ofisi au nyumba ya wageni yenye faiba, uongee na mhusika, ulipie saa mbili. Uwe na laini za kampuni mbili tofauti zenye bando tayari, na uwashe ile ya pili kabla ya kuihitaji. Faili likifika nusu likakatika, programu nyingi zinaanza upya, ndiyo maana ni busara kutuma sauti za wahojiwa na picha za mazoezi mapema, mchana, na jioni utume sehemu mpya tu ambayo Dar wataiunganisha. Lipe kila faili jina linalosomeka: MBEYA_NETIBOLI_KOCHA_01. Jina kama VID0043 likifika dawatini usiku halina mwenyewe.

---

Fundi Sauti

Laivu kwa mtandao wa simu ina kuchelewa kwa sekunde 2 au 3. Mtangazaji wa studio akimaliza swali, wewe bado unalisikiliza, na mtazamaji anakuona umetoa macho. Kwa hiyo uwe na uso uliotulia unaotazama lenzi, na jibu lianze bila "ee, nakusikia". Neno la kwanza liwe habari.

Kabla hujaingia hewani, mwambie fundi wa studio akurudishie sauti yote ya studio isipokuwa yako. Akikosea ukajisikia mwenyewe baada ya sekunde 2, ulimi utakwama katikati ya sentensi, hata wenye uzoefu wanakwama. Ikitokea uko hewani, chomoa kifaa cha sikioni, malizia sentensi zako 3 ulizoziandaa, kisha rudisha neno studio. Ndiyo maana unakariri sentensi 3, si aya nzima.

Chagua sehemu ya kusimama saa nzima kabla. Jua la saa 11 jioni likiwa nyuma yako, uso unakuwa mweusi. Likiwa mbele yako kabisa, unakunja macho. Ligeuzie bega. Mashabiki wawe nyuma yako mita 5 au zaidi, na mtu wa kituo au rafiki asimame kati yako na wao, maana kuna atakayetaka kushika maiki. Simu iwe kwenye tripodi, imechomekwa pawabenki, arifa zote zimezimwa na simu zinazoingia zimefungwa. Simu ikiita katikati ya laivu, programu nyingi zinakata picha.

---

Mhariri wa Usiku

Moja la mwisho kuhusu ile sehemu yako mbele ya kamera kwenye habari ya majaribio, maana nimeona wengi wanaimaliza kwa jina lao na mkoa tu huku wamesimama mbele ya ukuta. Zile sekunde 12 zitumie kwa kitu ambacho huna picha yake: mkutano wa ndani wa klabu, fedha, ratiba inayokuja. Na iwe mahali penye kazi. Ukiwa na netiboli, simama pembeni ya mstari mazoezi yakiendelea nyuma. Rekodi mara tatu, ya pili isiwe na neno lolote la matokeo wala tarehe, ili ikibidi itumike kesho. Usirekodi yenye matokeo kabla ya filimbi ya mwisho hata kama ni 3–0 dakika ya 85.

Ukishatuma, piga simu dawatini kuthibitisha mambo matatu: faili limefunguka, sauti ipo njia zote mbili, na majina ya wahojiwa yameandikwa kama ulivyoyapata kwao wenyewe. Waombe wahojiwa watamke majina yao kamera ikiwa inarekodi, mwanzo kabisa, kabla ya swali la kwanza.